Mzazi Akielekea Kwenye Lifti

Juzi mlinialika chai kwenye chumba cha walimu, nami nikaja na fimbo yangu na njaa yangu. Mlinikirimu vizuri, maandazi yalikuwa laini. Ila jambo moja lilinikwama kooni zaidi ya andazi. Mwalimu mmoja kijana alitazama simu yake, akapiga kelele, "Amejiondoa! Mama Brayani amejiondoa kwenye kundi!" Nanyi nyote mkapiga makofi kama timu imefunga goli. Mkanieleza kwamba huyo mama amewasumbua tangu shule zifunguliwe: mara uji una mchanga, mara kazi za nyumbani ni nyingi, mara ni chache. Sasa ametoka kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, na mnasema mtapumua.

Nilinyamaza kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa. Sasa nimemeza, nawaandikia.

Mimi nimestaafu, mnanijua. Nina kuku, nina migomba, na nina goti moja linalotabiri mvua vizuri kuliko redio. Lakini nimeshika chaki maisha yangu yote, na miaka michache kati ya hiyo niliishikia Guangzhou, kule China, ile miaka ya elfu mbili ambapo kila Mtanzania mwenye duka alikuwa anakwenda huko au ana shemeji aliyekwenda. Sikwenda kwa akili yangu. Mke wangu, Mama Neema, alikuwa mfanyabiashara wa nguo, nami nilikwenda kama sehemu ya mizigo yake. Aliniambia hivi: "Ambilike, unaomba likizo bila malipo, au nikuache hapa dada yako akupikie?" Dada yangu, Mungu amrehemu, alikuwa anapika vibaya sana. Nikaomba likizo.

Shule niliyofundisha kule ilianzishwa na wazazi wenyewe. Walikuwa wafanyabiashara, Watanzania wa Mwanza na Kahama na Mbeya, na Wakongo wa Lubumbashi, watu waliokutana kwenye ibada ya Jumapili wakagundua kwamba watoto wao wote wanalelewa na televisheni ya Kichina. Wakapanga vyumba viwili juu kabisa kwenye jengo moja nyuma ya Guangyuan Xilu, barabara ya maduka makubwa ya nguo za jumla karibu na stesheni ya treni. Wakaniona mimi, mwalimu wa serikali anayezurura na mifuko ya mkewe, wakaniajiri papo hapo. Korido yetu ilijaa marobota ya watu wa ghorofa za chini, na wakati wa mapumziko watoto walicheza mpira katikati ya marobota hayo, wakiwapisha wapagazi na mikokoteni yao. Mtoto wa chekechea alijua kufunga katoni kwa utepe kabla hajajua kufunga kamba za viatu vyake. Ukiuliza saba mara nane ni ngapi, mkono unapanda juu: "Mwalimu, jumla au rejareja?"

Sasa fikirieni. Shule ya wazazi maana yake kila mzazi ni laoban, yaani bosi, kama tulivyowaita wenye maduka kule. Na hawa mabosi wangu hawakuwa wazazi wa kawaida. Kazi yao kutwa nzima ilikuwa kukagua mzigo na kuukataa.

Baba Glory, muuza simu wa Kahama, alikuja siku moja na daftari la binti yake. Akalinusa. Akavuta ukurasa kuona kama gundi inashika. Kisha akaniuliza mbele ya darasa, "Mwalimu, niambie ukweli kama ndugu yangu. Hii elimu ni original, au ni copy grade A?"

"Ni original, Baba Glory."

"Wote wanasema original. Nipe sampo."

Ikabidi nimwinue Glory asome aya moja. Baba mtu akatega sikio kama anajaribu spika, macho kayafumba. Binti alipomaliza, akatikisa kichwa. "Maneno yapo," akasema, "lakini besi haitoshi." Tangu siku hiyo Glory alisoma kwa sauti ya mchungaji wa mkutano wa hadhara, na ghorofa ya chini wakaanza kulalamika.

Walitaka kila kitu kiwe bora. Walitaka uwanja, kwenye jengo ambalo hata jua lilikuwa linaingia kwa zamu. Walitaka Kiingereza zaidi, Hesabu zaidi, Biblia zaidi, na siku iishe mapema. Walitaka sare bora. Hapo mngedhani ni kazi nyepesi, mtaa wenyewe nguo zinauzwa kwa tani. Thubutu! Kila mzazi alikuwa na kiwanda chake na rangi yake ya bluu. Walipokubaliana kwa taabu juu ya sweta moja yenye nembo ya shule, kiwanda kikasema hakiwashi mashine kwa watoto wachache hivyo, oda yake ndogo kabisa ilikuwa ya kuvisha wilaya. Nikasema basi tuache. Wakanitazama kwa huruma. Waliagiza zote, watoto wakavaa, na zilizobaki zikapakiwa kwenye kontena pale bandari ya Huangpu pamoja na beseni za plastiki, zikaja kuuzwa huku nyumbani. Miaka mingi baadaye nilipanda bodaboda Kahama, dereva mgongoni ana sweta ya shule yangu. Nikamuuliza amesoma wapi. Akasema aliishia la saba, Bukombe. Nikamwambia hapana, kijana, wewe ni wa kwetu.

Basi mnaona kwamba kwenye malalamiko nilikuwa nimeiva. Nilijiwekea utaratibu ambao hata leo nawapa bure: lalamiko la kwanza la mzazi lisikilize kwa heshima, la pili liandike, la tatu ndilo lake hasa. Mengine mawili huwa amekuja nayo kutoka kwa jirani. Utaratibu mzuri kabisa, ila ulikuwa na tundu, na kwenye tundu hilo nusura nimpoteze mtoto.

Kwanza niwapeleke sokoni na mke wangu, maana huko ndiko nilikopaswa kujifunza. Jumamosi nilimbebea Mama Neema mifuko. Anaingia duka la suruali, anashika moja, anauliza bei. Mwenye duka hasemi kitu, anaandika namba kwenye kikokotoo na kumgeuzia. (Kikokotoo cha mkononi, jamani. Kile cha kukokotolea mafao yetu ya kustaafu tusikizungumze leo.) Mama Neema anacheka kwa uchungu kama amepokea taarifa ya msiba, anafuta, anaandika namba yake. Mwenye duka naye anaomboleza. Wanazunguka hivyo mpaka mke wangu anatupa suruali mezani, anageuka, anatoka. Siku ya kwanza nilidhani wamegombana kweli. Nikamkimbilia mbele nimfungulie njia.

"Unakimbilia wapi?" akaninong'oneza kwa hasira. "Tembea polepole! Utamfanya ashindwe kuniita."

Tukatembea kwa mwendo wa maarusi. Mama Neema akasimama kurekebisha kilemba, akasimama tena kutazama soksi ambazo hazitaki. Tulipofika karibu na ngazi, sauti ikatoka nyuma: "Pengyou! Lai, lai, lai!" Rafiki, njoo, njoo. Mke wangu hakugeuka mara ya kwanza, ingekuwa kujishusha. Aligeuka mara ya pili, na uso wa mtu anayewahi mambo ya maana zaidi. Suruali tukazichukua kwa bei yake.

"Na asipokuita?" nilimuuliza.

"Basi ndiyo imetoka hiyo. Siwezi kurudi, nitaonekana sina pa kwenda. Nitanunua duka la mbele hata kama ni baya."

Nilielewa vizuri sana, na nikaamini kwamba ni mambo ya suruali.

Mama Mireille alikuwa Mkongo wa Lubumbashi, muuza viatu, mwanamke mrefu anayetembea kama kila mlango umefunguliwa kwa ajili yake. Mumewe alishafariki. Alikuwa na mtoto mmoja tu, huyo Mireille, darasa la tatu. Jamani, huyo mtoto! Lifti ya jengo letu ilikuwa inasema, sauti ya kike ya Kichina, mlango unafunguka, mlango unafungwa. Mireille aliiga sauti ile mpaka mtu unatazama nyuma. Mwanafunzi akichelewa, akisukuma tu mlango wa darasa, Mireille anatangaza kutoka kwenye kiti chake kwa Kichina kilichonyooka: mlango unafunguka. Nilimkataza kila siku, na kila siku niligeukia ubao ili asione nacheka. Nilimpenda mtoto yule. Mwalimu akiwaambia anawapenda wote sawa, mwacheni, hajafundisha.

Mama yake hakulalamika mara tatu. Alikuwa na lalamiko moja tu.

"Monsieur, miye siko na chuki na weye," alisema, amesimama katikati ya darasa na mkoba mkononi. "Mais dictée iko wapi? Ku Lubumbashi batoto banaandika dictée kila siku, mwalimu anasoma, beko banaandika, kosa moja, point inatoka. Hapa Mireille anaimba, anacheza, anarudi nyumbani na furaha. Furaha ya nini?"

Imla ya Kifaransa, ndiyo aliyoitaka. Nikamweleza kwa upole kwamba shule yetu inafundisha kwa Kiswahili na Kiingereza, wazazi walikubaliana hivyo, na kwamba Kifaransa changu mimi kinaishia kwenye bonjour.

"Na hata ile bonjour unaisema mubaya."

"Basi unaona mwenyewe, mama."

"Bon," akasema. "Kama ni vile, nitamutuma ku Lubumbashi, kwa grand-mère yake. Kule iko masomo ya kweli. Mireille, kamata sac yako."

Mtoto akanitazama. Akachukua mfuko wake taratibu, kalamu moja moja. Mama mtu akaelekea mlangoni. Akasimama. Akakifungua kitenge chake kiunoni, akakifunga upya. Akatoka kwenye korido, akasimama kutazama marobota ya watu kama anataka kuyanunua. Mimi mwalimu wa serikali niliyefundwa adabu na wamishenari, mnajua nilifanya nini? Nilimpokea mtoto mfuko, nikawasindikiza. Lifti ikaja, Mama Mireille akasema ah, imejaa. Haikuwa imejaa, alikuwemo mzee mmoja na baiskeli. Ikashuka. Tukabaki tumesimama, yeye ananitazama, mimi namtazama kwa heshima zote. Nikaona pengine anachoka kusubiri. Nikanyoosha mkono, nikabonyeza kitufe.

Lifti ikaja. Sauti ikasema mlango unafunguka. Mireille hakuiiga.

"Safari njema, Mama Mireille," nikasema. "Mungu awatangulie."

Alinipigia simu siku chache baadaye. Akanieleza kwamba binamu yake anarudi Lubumbashi Alhamisi, ndiye atakayempeleka mtoto. Akanitajia saa ya ndege. Akanitajia tena. Akasema tiketi imeshakatwa. Kisha akauliza, "Monsieur, haukuwa na kitu ya kusema?"

Nikafikiri sana. Nikamwambia asisahau kumvalisha sweta, ndani ya ndege kuna baridi.

Alhamisi hiyo nilifundisha kama mtu aliyemeza chaki. Kiti cha Mireille kilikuwa pale. Mtoto mmoja alichelewa, akasukuma mlango, darasa zima likageuka kutazama kile kiti, kimya. Roho iliniuma, sina jinsi nyingine ya kusema. Hapo ndipo Mama Neema alipoingia na vifurushi vyake, akaona uso wangu, akauliza nani kafa. Nikamsimulia yote, mwanzo mpaka mwisho, nikitegemea anipe pole.

"Ngoja," akasema. "Alisimama mlangoni?"

"Alisimama, alikuwa anafunga kitenge."

"Lifti akaiacha ishuke?"

"Ilikuwa imejaa. Yaani haikujaa."

"Na wewe ukafanyaje?"

"Nikamwitia nyingine."

Vifurushi vilianguka. Alicheka mpaka akashika ukuta, watoto nao wakaanza kucheka bila kujua wanacheka nini. Halafu akanikazia macho. "Ambilike, huyo mwanamke anasubiri kuitwa. Kakusubiri mlangoni, kakusubiri kwenye lifti, kakupigia na simu ili umwite. Wewe unamwambia habari za sweta!"

"Lakini tiketi ni ya kweli."

"Ni ya kweli kabisa. Hujamwita, atarudije? Atampandisha mwanawe ndege huku anakufa rohoni, kwa sababu wewe umekaa kimya kama muuza makaburi. Atamwona lini tena, mara moja kwa mwaka? Kimbia!"

Nikamuuliza nani atabaki na darasa. Akachukua chaki mkononi mwangu, akanitilia kikokotoo chake mahali pake. Niliporudi jioni nilikuta amewafundisha kukagua mishono, na ni somo ambalo wazazi walilisifu kuliko yangu yote.

Nilichukua teksi mpaka uwanja wa ndege wa Baiyun, nikimsemesha dereva Kinyakyusa cha kwetu kwa wasiwasi. Ukumbi wa kuondokea ulikuwa na foleni ndefu ya watu wetu na mabegi yaliyofungwa kwa plastiki, kila mtu anafungua na kupunguza kilo. Nikawaona. Mireille alikuwa amekalia begi, amevaa sweta ya shule. Binamu amenuna. Mama Mireille amesimama na pasipoti mkononi, na kila aliyefika nyuma yake, yeye alimpisha apite mbele. "Pita, papa. Pita, mama, miye siko na haraka." Alikuwa ameipisha foleni nzima. Nyuma yake hakubaki mtu.

Nikasimama pale mlangoni, mwalimu mzima, tai shingoni, nikakusanya pumzi yote ya miaka ya kufundisha madarasa ya watoto mia, nikapaza sauti: "Mama Mireille! Lai! Lai, lai, lai!"

Foleni yote iligeuka. Mtu mmoja aliuliza kama kuna punguzo. Yeye hakugeuka.

"Mama Mireille, rudi tuongee! Rafiki, njoo! Bei ya mwisho!"

Akageuka taratibu, na uso wa mtu mwenye mambo ya maana zaidi. Nikamfikia, nikampa kikokotoo. Hakuuliza cha nini. Akaandika tano, akanigeuzia: imla mara tano kwa wiki. Nikacheka kwa uchungu kama nilivyofundishwa, nikafuta, nikaandika moja. Akaomboleza kwa Kifaransa. Nne. Moja. Akanyanyua mkono wa begi kama anaondoka, na safari hii nikamwita kabla hajapiga hatua. Tukakutana kwenye mbili.

"Sawa," akasema. "Mais nani atasoma? Weye na ile bonjour yako?"

"Utasoma wewe, mama. Jumanne na Ijumaa. Darasa ni lako."

Hapo akaketi juu ya begi, karibu na mwanawe, akaanza kulia mbele ya watu wote, mwanamke yule mrefu.

"Nilisimama ku mulango," akasema. "Haukuniita. Nilisimama ku lifti. Miye nangojea uniite, weye unaita lifti! Nikasema, ah. Kumbe kwa huyu bwana, mutoto yangu hana bei."

Nilisema tu, "Ana bei kubwa, Mama Mireille. Sikujua kama ni mimi ninayepaswa kusema."

Mireille alitutazama mmoja baada ya mwingine. "Sasa, mwalimu," akauliza, "ninaenda ao ninarudi?"

"Unarudi."

Mlango mkubwa wa vioo ulikuwa unafunguka nyuma yetu kumpitisha mtu na toroli. Mtoto akakaa sawa juu ya begi, akatangaza kwa sauti ya lifti yetu, Kichina kilichonyooka, uwanja mzima ukisikia. Sikuhitaji kugeukia ubao. Nilicheka mpaka tai ikalegea.

Jumanne Mama Mireille alikuja na viatu vya kisigino na gauni la kanisani, akasoma imla kama anahutubia bunge. Niliandika na watoto, nyuma kabisa. Alinipa sifuri, akaizungushia wino mwekundu, akaniambia nirudie nyumbani. Baba Glory alikuja kukagua, akasikiliza mlangoni macho yamefumba, akasema hiyo sasa ina besi.

Sasa turudi kwenu, vijana. Simjui Mama Brayani. Inawezekana ni msumbufu kweli, na inawezekana uji wenu una mchanga, sijauonja. Lakini mtu asiyemtaka mwalimu haandiki malalamiko tangu shule zifunguliwe, anahama kimya kimya. Huyu ameondoka mbele yenu nyote, na simu ikawatangazia kwamba ameondoka. Kaondoka kwa mwendo wa maarusi. Nanyi mmepiga makofi, na hayo makofi ndiyo kile kitufe.

Acheni kusoma hii barua, mpigieni. Bado yuko kwenye korido, anafunga kitenge.